Wazee wa Mashine za Mazutu: Sababu Gani Kumbukumbu Yao Inatuhusu

Ukikaa na mzee aliyefanya kazi ya reli, hapa Lubumbashi, Kamina ao kule Bukama, ngojea dakika kumi tu. Ataanza na habari za afya, atapita kwa bei ya muhindi, kisha utaona ameshaingia kwa mashine. Atakuambia namba yake, ilikuwa na nguvu farasi ngapi, mlima gani ilikuwa inaogopa, na usiku gani ilimwacha katikati ya pori mpaka asubuhi. Anaisema sawa vile mtu anasema mtoto wake wa kwanza.

Sisi vijana tunasikiliza kidogo, tunacheka, tunarudi kwa simu. Tunasema: hayo ni mambo ya wazee. Leo nataka kueleza sababu gani naona si ya wazee peke yao. Mimi si injiniya, nilisoma kilimo. Lakini mtu wa kilimo anajua jambo moja: muhindi haitembei na miguu yake. Kati ya shamba na sufuria ya bukari kuna kitu kinachovuta, na katika sehemu kubwa ya njia yetu ya reli kitu hicho ni mashine ya mazutu.

1. Moshi, umeme, kisha mazutu

Historia kwanza, kwa ufupi. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitoka kusini, upande wa Rhodesia. Ilifika Bukama mwaka 1918, Port-Francqui (leo Ilebo) mwaka 1928, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Benguela kupitia Dilolo. Upana wa njia ni milimita 1,067, ule ule wa Zambia na wa TAZARA. Njo maana wagoni lililopakiwa huku linaweza kwenda mpaka Dar es Salaam bila kushusha mzigo.

Miaka ile kazi ilikuwa ya mashine za moshi. Mashine ya moshi inakunywa maji mengi na inakula makaa ya mawe ao kuni. Luena kulikuwa makaa ya mawe karibu na reli yenyewe, lakini ubora wake haukuwa mkubwa. Kila kisha umbali fulani treni ilipashwa kusimama kuchukua maji. Na kati ya joto yote iliyochomwa, chini ya sehemu moja juu ya kumi ndiyo ilikuwa inageuka nguvu ya kuvuta. Ingine yote ilipanda juu na moshi.

Wengi wanafikiri kisha moshi ilikuja mazutu moja kwa moja. Kwetu haikuwa vile kabisa. Katanga ilikuwa na mabwawa: Mwadingusha, Koni, kisha Nzilo na Nseke, yaliyojengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Umeme ulikuwepo, basi mwaka 1952 kipande cha Likasi mpaka Tenke kikaanza kutumia mashine za umeme, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwa moshi. Waya ziliendelea: Lubumbashi, Kolwezi, Kamina.

Sasa piga hesabu. Mtandao wa SNCC ni kilometa 3,641. Zenye waya ni 858. Inabaki kilometa 2,783, yaani zaidi ya robo tatu, ambazo hazina waya hata mmoja. Kamina kwenda Kananga na Ilebo: hakuna waya. Kamina kwenda Kabalo na Kalemie: hakuna. Kabalo kwenda Kindu: hakuna. Ile njia ya mashariki ilikuwa ya kampuni ingine, na ilikuwa na upana wa meta moja. Katikati ya miaka ya 1950 waliipanua, na mwaka 1956 kipande cha Kamina mpaka Kabalo kikafunguliwa. Tangu hapo mtu angeweza kufikiri mtandao mmoja kutoka Lubumbashi mpaka ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo mashine ya umeme ilikuwa ya eneo la shaba. Mashine ya mazutu ilikuwa ya eneo la muhindi, la mihogo, la mafuta ya ngazi, la samaki. Shika hiyo tofauti, tutairudia.

2. Ndani ya tumbo la mashine

Injini ya mazutu ilitoka kwa Mjerumani Rudolf Diesel. Ile iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Wazo lake: kamua hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto kabisa, kisha nyunyiza mafuta ndani yake. Yanawaka yenyewe, bila buji. Wenzangu wa kilimo watapenda hii: kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ya namna hiyo ilitembezwa na mafuta ya karanga. Ndiyo, kalanga yetu.

Sasa swali. Kamyo ina injini, ambrayaji na gia, mwisho. Sababu gani treni haifanyi vile? Kwa sababu ya uzito. Kuanzisha tani elfu moja kutoka mahali imesimama, ambrayaji ya kawaida ingeungua mbele ya treni kusogea. Mafundi walipata majibu mawili.

Jibu la kwanza ni mazutu na umeme pamoja. Injini haishiki magurudumu. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unaenda kwa mota zilizofungwa kwenye ekseli. Yaani mashine ile ni santrali ndogo ya umeme inayotembea. Mzee akikuambia alikuwa anaangalia "sindano" mlimani, ni hii: treni ikipanda polepole na mzigo mkubwa, umeme mwingi unapita ndani ya mota na zinapata moto. Sindano ya ampea ikikaa upande mbaya dakika nyingi, mota inaungua. Mashinisti mzuri alijua kwa kichwa chake ni dakika ngapi mlima fulani unachukua, na kama mzigo wa siku ile utapita ao hautapita.

Wakati wa kushuka, mota zile zile zinaweza kugeuzwa kuwa jenereta. Zinashika treni, na nguvu inatoka juu ya paa kama joto. Inasaidia freni za hewa zisichoke. Si kila mashine ya zamani ilikuwa na kitu hicho, na wazee wanakumbuka vizuri ipi ilikuwa nacho na ipi haikuwa.

Kuna pia mchanga. Chuma juu ya chuma inateleza, zaidi asubuhi wakati wa umande ao mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mashine inamwaga mchanga kidogo mbele ya gurudumu. Mchanga ukiwa na maji unashikana ndani ya bomba, na mlima unakushinda. Treni ya tani elfu kusimama kwa sababu ya mchanga usiokauka: ukisikia mzee anacheka kwa hiyo, ujue siku ile hakucheka.

Jibu la pili ni mazutu na mafuta ya kusukuma, yaani hidroliki. Hapo injini inasukuma mafuta mazito ndani ya chombo kama feni mbili zinazotazamana: moja inasukuma mafuta, ingine inazungushwa nayo. Ni nyepesi na haina mota za umeme za kuungua. Lakini inataka mafuta safi, kupoza vizuri, na fundi anayeijua.

3. Majina ambayo wapenzi wa reli hawasahau

Kila eneo liko na mashine zake za kupendwa. Zambia, jirani yetu, wanasema U20C ya General Electric ya Marekani, iliyofika mwisho wa miaka ya 1960. Jina lenyewe linasomeka: U ni "Universal", mfululizo uliotengenezwa kwa kuuza nchi nyingi, 20 ni nguvu farasi 2,000, na C inaonyesha ekseli tatu kwa kila bogi. Ukijua kusoma jina hilo, unaweza kusoma majina ya mashine nusu ya Afrika.

TAZARA wanakumbuka DFH. Reli ile ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa Uchina na kukabidhiwa mwaka 1976, na mashine zake za kwanza zilitoka kiwanda cha Sifang, Qingdao. DFH ni Dongfanghong, "Mashariki ni Mwekundu". Zilikuwa za hidroliki, kubwa zake nguvu farasi 2,000. Kwenye milima kati ya Mlimba na Makambako ziliteseka. Mwaka 1983 zikafika U30C zilizotengenezwa Ujerumani, za mazutu na umeme, na mlima ukapungua kidogo. Hii inatuhusu moja kwa moja: shaba ya Katanga imepita pia kwenye njia hiyo, zaidi kisha vita ya Angola kufunga njia ya Benguela mwaka 1975.

Kenya, Uganda na Tanzania, wakati walikuwa na shirika moja la reli la Afrika Mashariki, walipata mashine za English Electric za Uingereza tangu mwaka 1960. Kiwanda hicho hicho kilitengeneza Deltic, mashine 22 za treni za haraka kule Uingereza. Zilipotolewa kazini mwanzo wa miaka ya 1980, wapenzi wa reli walichanga pesa zao wenyewe. Sita ziko mpaka leo, na zingine zinatembea. Watu wa kawaida: mwalimu, mekanisiye, karani.

Kwetu Afrika, kinachohifadhiwa zaidi ni moshi. Ukienda makumbusho ya reli ya Nairobi, watu wanatafuta Garratt, zile mashine kubwa za moshi za Beyer Peacock. Livingstone, Zambia, ni hivyo hivyo. Mashine ya mazutu haina bahati hiyo. Haionekani ya zamani vya kutosha, wala mpya vya kutosha. Inakatwa, inauzwa kwa kilo, mwisho.

Na mbele ya kukatwa, inaliwa. Piesi haipatikani, basi wanatoa kwa mashine moja kuponesha ingine. Pompi huku, injekta kule, mota ya ekseli pale. Mashine tatu zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja. Wazee wa ateliye wanajua kila moja ilikula nani. Kwa mpenzi wa reli hiyo ni huzuni. Kwa mtu anayefikiri uchumi, ni kontableri: hapo ndipo unaona namna nguvu ya kusafirisha ilipungua mwaka kwa mwaka, bila mtu kutangaza kitu.

4. Treni na mfuko wa muhindi

Sasa nirudi kwa shamba. Tuseme wagoni moja linabeba tani 40. Ni mifuko 800 ya kilo 50. Treni ya mawagoni 25 ni mifuko 20,000, na inavutwa na mashine moja ao mbili. Kusafirisha hiyo kwa kamyo za tani 30, unahitaji zaidi ya kamyo 33, mashofele 33, na barabara inayopitika. Chuma juu ya chuma inasuguana kidogo sana kuliko pneu juu ya barabara, njo maana lita moja ya mazutu inasogeza mzigo mbali zaidi kwenye reli.

Kwa mkulima wa Kaniama ao wa Kabongo maana yake ni rahisi. Mashine ikiwa nzima, mnunuzi anafika, bei inapanda shambani na inashuka Lubumbashi. Mashine ikikufa, muhindi inakaa kwenye gare, mvua inainyeshea, mdudu anaingia, na mkulima anauza kwa bei ya kulia. Huku mjini tunakula unga uliotoka Zambia. Samaki wa Upemba na wa Lualaba wanaofika Bukama ni hesabu ile ile: wa kukausha anaweza kungojea, lakini hata yeye hangojei bila mwisho.

Sisi wenye asili ya Mitwaba tunajua hesabu hiyo kwa njia ya kinyume. Reli haikupita kwetu. Udongo uko, watu wanalima, lakini wakati wa mvua barabara inaamua nani atauza na nani atakula peke yake. Pahali pasipo reli panafundisha dhamani ya reli.

Sababu hiyo ninaposikia papa mashinisti anasema "mwaka ule tulikuwa tunatoa treni mbili za muhindi kila juma kwenye gare ile", sisikii hadithi. Nasikia data. Katika masomo yetu tunatafuta takwimu za mavuno na za soko za miaka ya 1970 ao 1980, na mara nyingi tunakuta karatasi zimeliwa na mchwa ao zimepotea wakati wa vita. Mzee ndiye faili iliyobaki.

5. Kumbuka bila kudanganyika

Kuna hatari moja hapa. Kumbukumbu inapenda kupaka rangi. Utasikia: "Wakati wa BCK treni ilikuwa inafika saa yake." Labda ilikuwa. Lakini reli ile haikujengwa kwa ajili ya mama wa soko. Ilijengwa kutoa shaba, na wengi waliobeba reli na mataruma kwa mabega yao hawakuwa na chaguo. Kumpenda mzee na mashine yake si kupenda ukoloni. Wafanyakazi wa reli walijenga pia maisha yao wenyewe: FC Saint-Éloi Lupopo, iliyozaliwa mwaka 1939, mpaka leo tunaiita Cheminots, hata sisi tunaopigia Mazembe makofi.

Hatari ya pili ni kufikiri kumbukumbu hii ni ya raha tu. Mwezi wa nne 2014, treni ilianguka Katongola, karibu na Kamina, na zaidi ya watu 50 walikufa. Mwezi wa kumi na moja 2017, treni ya mzigo wa mafuta ilianguka bondeni Buyofwe, upande wa Lubudi, ikawaka, na zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi wa tatu 2022, tena Buyofwe, treni ya mzigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilianguka, na zaidi ya watu 60 walikufa, wengi wao waliopanda kwa kujificha kwa sababu hawakuwa na njia ingine ya kusafiri.

Pahali pamoja, mara mbili, ndani ya miaka mitano. Unaona sasa sababu gani kumbukumbu ya milima si mchezo? Mzee anapokuambia mlima gani ulitaka mchanga mkavu, mlima gani ulitaka kupunguza mawagoni, kona gani walikuwa wanapita polepole hata bila kibao, anakupa maarifa yaliyolipwa na maisha ya watu. Maarifa hayo mengi hayakuandikwa. Yalipita kwa mdomo, kutoka mashinisti mpaka msaidizi wake, ndani ya kabina. Mashine ikisimama miaka kumi, mnyororo unakatika.

6. Maswali ya kupeleka kwa mzee

Mambo yanabadilika mbio. Katikati ya miaka ya 2010 zilifika mashine mpya za mazutu kutoka Uchina, ndani ya mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Reli ya Benguela ilifunguliwa tena mwaka 2015, na tangu 2023 upande wa Angola uko mikononi mwa kampuni za kigeni kwa mkataba wa miaka 30. Dunia nzima inasema Lobito. Lakini sikiliza vizuri wanachosema: shaba, kobalti, shaba. Magare madogo ambako mkulima alikuwa anapakia mifuko yake hayako kwenye picha. Na pahali pasipo na kumbukumbu iliyoandikwa ni rahisi kusema: pale hakukuwa na kitu.

Basi, ndugu na dada wa licence, wa historia, wa ekonomia, wa politekniki, wa agro, kazi hii haitaki mradi wala pesa ya nje. Inataka simu yenye betri, kaye, na heshima. Mtafute mzee, umwombe ruhusa, umwache aanze anapotaka, kisha uulize:

– Ulikuwa unaendesha mashine ya namna gani, na kwenye kipande gani cha njia?
– Tani ngapi ilikuwa inavuta wakati wa kiangazi? Na wakati wa mvua?
– Mlima gani ulikuwa mgumu, na mlifanya nini?
– Gare gani zilipakia muhindi, mihogo, samaki, mafuta? Mwezi gani zaidi?
– Mwaka gani treni zilianza kupungua, na kitu gani kiliharibika kwanza: mashine, njia, ao mshahara?
– Nani mwingine anajua?

Hili swali la mwisho usilisahau. Wazee hawa wanajuana wote. Mmoja atakutuma kwa mwenzake wa Makomeno, huyo atakutuma kwa mwingine wa Kamalondo, na kila mmoja atamsahihisha wa kwanza. Usiogope wakipingana. Andika yote mawili, na jina la gare, na mwaka. Ukweli wa historia unatafutwa hapo hapo, mahali wanapopingana.

Deltic ziliponeshwa na watu waliokuwa na pesa ya kununua mashine. Sisi hatuna pesa hiyo, na mashine zetu nyingi zimeshakatwa. Lakini kitu cha dhamani zaidi hakikuwa chuma. Ni kujua mlima, kujua mzigo, kujua msimu. Hicho kiko bado, kimekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, kinaangalia barabara, na kinangojea mtu wa kukiuliza. Kila mwezi tunazika mmoja wao. Usingoje matanga ndipo useme: yule papa alijua mengi.